Namba ya Umiliki Imetoka Wapi? Mwongozo Kamili wa Kuwasoma Wanahisa wa Kampuni ya Programu

Tafuta Oracle, kampuni ya programu za kompyuta ya Marekani, kwenye programu yoyote ya kununulia hisa na utaonyeshwa namba mbili: asilimia ya hisa zilizo mikononi mwa taasisi (kama mifuko ya uwekezaji), na asilimia iliyo mikononi mwa watu wa ndani (viongozi wa kampuni na wenye mafungu makubwa ya hisa). Wapo wanaonunua na kuuza kwa kutazama namba hizo mbili tu. Kwenye makundi ya WhatsApp ya wawekezaji utasoma “taasisi zimejaa humu, ingia,” au “bosi anauza, toka.” Mtu anaweka akiba yake ya miaka kwa maneno ya namna hiyo, na hilo linaniuma, kwa sababu hati zenyewe ziko wazi, hazilipiwi, na aliyeko Mwanza anaweza kuzifungua dakika ileile anayozifungua meneja wa mfuko aliyeko New York.

Mwongozo huu unaifuata Oracle, kwa kuwa karibu mitego yote ya somo hili imo ndani yake. Microsoft, Palantir na Salesforce nitazigusa pale zinapoonyesha jambo ambalo Oracle haionyeshi. Muda wote jiulize maswali matatu: asilimia hii imegawanywa kwa idadi gani ya hisa? Ilihesabiwa lini? Na mwenye hisa hizo ana uhuru gani wa kuziuza au kuzipigia kura?

Hatua ya 1: Nenda kwenye chanzo

Kampuni zilizoorodheshwa kwenye masoko ya Marekani huwasilisha hati zao kwa SEC, mamlaka ya masoko ya mitaji iliyoanzishwa mwaka 1934. Hati hizo huhifadhiwa EDGAR, kwenye tovuti ya sec.gov. Hakuna kujisajili. Andika jina la kampuni au alama yake ya sokoni. Ya Oracle ni ORCL. Kila kampuni ina namba yake ya utambulisho humo, na ya Oracle ni 1341439. Iandike mahali, maana majina ya kampuni hufanana lakini namba hiyo haijirudii.

Ukishafika kwenye ukurasa wa kampuni, utaona orodha ndefu ya hati. Zinazotuhusu ni chache: ripoti ya mwaka (10-K), ripoti ya robo mwaka (10-Q), taarifa ya mkutano mkuu wa wanahisa (DEF 14A), fomu za watu wa ndani (3, 4, 5 na 144), na taarifa za wanahisa wakubwa (13D na 13G). Ya mwisho, 13F, ni orodha ya hisa inazoshika taasisi, na huwasilishwa na taasisi yenyewe. Huikuti kwenye ukurasa wa Oracle. Unaitafuta kwa jina la mfuko.

Hatua ya 2: Pata idadi ya hisa zote kabla ya kugusa asilimia yoyote

Fungua 10-Q ya karibuni. Kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, chini ya anwani na visanduku vya alama, kuna sentensi inayotaja idadi ya hisa za kampuni zilizo mikononi mwa wanahisa kwa tarehe fulani. Nakili idadi na tarehe. Huo ndio msingi wa hesabu zako zote.

Wengi huiruka hatua hii, na Oracle inaonyesha kwa nini ni hatari. Larry Ellison, aliyeianzisha kampuni mwaka 1977 pamoja na Bob Miner na Ed Oates, alikuwa na chini ya robo ya hisa zote mwaka 2011. Miaka kumi baadaye, 2021, alikuwa na zaidi ya asilimia 40. Mtu akiziona namba hizo mbili tu atasema mzee amekuwa akinunua kwa nguvu. Hakununua. Idadi ya hisa zake ilibaki kwenye bilioni moja na ushei. Kilichobadilika ni kigawanyo: Oracle yenyewe ilitumia mabilioni ya dola kununua hisa zake sokoni na kuzifuta, hadi jumla ikashuka kutoka takriban bilioni 5 hadi kama bilioni 2.7. Waliouza walipungua kwenye meza, na ambaye hakuuza sehemu yake ikanenepa bila yeye kutoa hata senti.

Kinyume chake hutokea kwenye kampuni changa za programu. Hizo hulipa wafanyakazi kwa hisa, na kila mwaka hisa mpya huingia. Mwanzilishi anaweza kukaa na hisa zilezile na bado asilimia yake ikashuka. Kwa hiyo linganisha idadi ya hisa kwanza, kisha asilimia. Ukiona asilimia imesogea huku idadi imetulia, kaangalie kampuni imefanya nini na hisa zake.

Hatua ya 3: Soma jedwali la wamiliki, na tanbihi zake kuliko jedwali lenyewe

Kila mwaka, kabla ya mkutano mkuu, kampuni hutoa DEF 14A. Kwa Oracle hutoka majira ya Septemba, na kwa Microsoft kwa kawaida Oktoba. Ndani yake limo jedwali la wanaomiliki zaidi ya asilimia 5, pamoja na kila mjumbe wa bodi na maafisa wakuu waliotajwa kwa majina, na mwishoni jumla ya viongozi wote kama kundi. Hii ndiyo asilimia ya kuaminika zaidi ya watu wa ndani. Zile za kwenye programu za simu huokotwa na mashine, na mara nyingine huchanganya watu wa ndani na mifuko.

Sasa shuka kwenye tanbihi, zile herufi ndogo ambazo jicho hutaka kuziruka. Angalia mambo matatu.

La kwanza ni haki za kununua hisa za kampuni kwa bei iliyopangwa mapema. Sheria huzihesabu hisa ambazo mtu anaweza kuzichukua ndani ya siku 60 kana kwamba tayari anazo. Afisa anaweza kuandikiwa hisa milioni 5 kumbe zilizo mkononi ni laki 3, na zilizobaki ni haki ambazo hajazitumia. Haki hizo huwa na muda wa kuisha, mara nyingi miaka kumi, na asipozitumia zinapotea. Hilo litaeleza mauzo mengi utakayoyaona kwenye hatua ya 5.

La pili ni chombo kinachoshika hisa. Utakuta amana za familia (mali inayoshikwa kwa niaba ya wanafamilia), kampuni binafsi, mwenzi wa ndoa. Hesabu moja inaweza kuonekana mara mbili kama watu wawili wana mamlaka juu ya hisa zilezile.

La tatu ndilo zito zaidi: rehani. Taarifa za Oracle zimekuwa zikieleza kwamba Ellison ameweka mamia ya mamilioni ya hisa zake kuwa dhamana ya mikopo yake binafsi. Hisa hizo bado ni zake na bado anazipigia kura, na hakuna kosa lolote hapo. Lakini bei ikianguka vibaya, aliyekopesha anaweza kudai dhamana zaidi au hisa ziuzwe, na wakati huo mwenye hisa hana hiari tena. Kwa kila kampuni unayoichunguza tafuta maelezo ya rehani kwenye hati hii. Kama yapo, gawanya hisa zilizowekwa rehani kwa hisa zote za mtu huyo, na uandike jibu kando ya jina lake.

Hatua ya 4: Tenganisha hisa na kura

Oracle ina aina moja ya hisa za kawaida, hisa moja kura moja. Asilimia 40 ya hisa ni asilimia 40 ya kura, na kwa vile wanahisa wadogo wengi hawapigi kura kabisa, uzito wake halisi mkutanoni ni mkubwa kuliko unavyosomeka.

Kampuni nyingi za programu haziko hivyo. Palantir, iliyoingia sokoni Septemba 2020, ina hisa za daraja F zilizotengenezwa kwa ajili ya waanzilishi watatu, Alex Karp, Peter Thiel na Stephen Cohen. Kura za daraja hilo hupanda na kushuka ili kuwaacha waanzilishi hao na hadi asilimia 49.999999 ya kura zote, mradi wasishuke chini ya kiwango fulani cha hisa. Wanaweza kupunguza hisa zao na uongozi ukabaki mikononi mwao. Ukiisoma asilimia ya taasisi kwenye kampuni kama hiyo na kudhani taasisi zitambana mkurugenzi, umekosea kabisa. Mpangilio huu umeandikwa kwenye 10-K na kwenye DEF 14A, sehemu ya kura. Kwenye daftari lako weka safu mbili, ya hisa na ya kura, hata kama namba zinalingana.

Hatua ya 5: Soma Fomu 4 mstari kwa mstari

Kisheria, watu wa ndani ni maafisa wakuu, wajumbe wa bodi na yeyote mwenye zaidi ya asilimia 10. Anapoingia kwenye kundi hilo hutoa Fomu 3 ndani ya siku 10. Baada ya hapo miamala mingi ya hisa za kampuni hiyo huripotiwa kwenye Fomu 4 ndani ya siku 2 za kazi. Muda huu mfupi umekuwapo tangu 2002. Fomu 5 hufunga mwaka kwa yale machache yaliyobaki.

Fungua Fomu 4 yoyote na uende moja kwa moja kwenye safu ya herufi. Herufi moja ndiyo inayobeba habari yote:

- P ni kununua sokoni kwa fedha yake.
- S ni kuuza.
- A ni kupewa hisa na kampuni.
- M ni kutumia haki au kupokea hisa alizoahidiwa.
- F ni hisa zilizokatwa kulipia kodi.
- G ni zawadi.

Chukua mfano wa kubuni. Afisa wa fedha alikuwa na hisa 120,000. Jumatatu fomu yake inaonyesha M 40,000 kwa bei ya sifuri, F 16,000, na S 10,000. Vichwa vya habari vitaandika “Afisa auza hisa 10,000.” Nenda kwenye safu inayoonyesha kilichobaki baada ya muamala: 134,000. Amemaliza siku akiwa na hisa 14,000 zaidi ya alizoanza nazo. Zile 16,000 hakuchagua kuziuza. Ni kodi, imekatwa kama inavyokatwa kwenye mshahara. Ndiyo maana nasema safu ya salio isomwe kabla ya safu ya mauzo.

Kisha tazama juu ya fomu. Tangu Aprili 2023 kuna kisanduku kinachosema kama muamala ulifanyika chini ya mpango wa 10b5-1, yaani mpango ulioandikwa mapema wa kuuza kiasi fulani kwa nyakati au bei fulani. Kwa kanuni zilizoanza Februari 2023, afisa au mjumbe wa bodi lazima asubiri angalau siku 90 tangu aandike mpango kabla ya mauzo ya kwanza. Kisanduku kikiwa na alama, mauzo ya leo yaliamuliwa miezi iliyopita na hayakuambii anachofikiri leo. Tanbihi itakutajia tarehe ya kuandikwa kwa mpango, na tarehe hiyo ndiyo ya kuilinganisha na habari za kampuni.

Mauzo yana sababu nyingi. Novemba 2021 Satya Nadella, mkurugenzi mkuu wa Microsoft, aliuza hisa 838,584, karibu nusu ya alizokuwa nazo, kwa takriban dola milioni 285. Kampuni ilieleza kuwa ni mipango yake binafsi ya fedha. Wachambuzi walikumbusha jambo jingine: jimbo la Washington, makao ya Microsoft, lilikuwa linaanza Januari 2022 kutoza asilimia 7 kwenye faida ya mauzo ya mali kama hisa. Aliyekimbia Microsoft siku ile kwa sababu “bosi ametoka” hakuwa ameitazama kalenda ya kodi.

Kununua ni habari nyingine. Mtu wa ndani aliyenunua sokoni akauza kwa faida ndani ya miezi 6 anaweza kulazimika kuirudisha faida hiyo kwa kampuni. Herufi P kwa hiyo ni fedha yake mwenyewe, inayofungwa kwa nusu mwaka. Kwenye kampuni kubwa za programu utaiona mara chache, maana viongozi tayari hulipwa kwa hisa. Ukiona viongozi watatu au wanne wameandika P ndani ya wiki chache, acha ulichokuwa unafanya usome. Pima pia ukubwa: afisa anayelipwa mamilioni akinunua hisa za dola 20,000, huenda ni heshima kwa wanahisa na si zaidi.

Fomu 144 ni taarifa ya nia ya kuuza, na tangu Aprili 2023 huwasilishwa kwa kompyuta, kwa hiyo utaikuta EDGAR. Itumie kama tahadhari tu. Mauzo kamili utayathibitisha kwenye Fomu 4.

Hatua ya 6: Soma 13F ukijua isichosema

Meneja wa uwekezaji mwenye angalau dola milioni 100 za hisa zinazohusika lazima atoe Fomu 13F ndani ya siku 45 baada ya robo mwaka kuisha. Hesabu mwenyewe: hisa alizokuwa nazo tarehe 30 Septemba unaweza kuzisoma 14 Novemba. Alichokifanya Oktoba hukioni hadi Februari. Anayesema “mfuko fulani umenunua jana” kwa kushika 13F anakudanganya, labda bila kujua.

Ndani ya jedwali utaona jina la kampuni, daraja la hisa, thamani, idadi, kisha safu ndogo ya haki za kununua au kuuza, na mwisho mamlaka ya kura. Thamani iliandikwa kwa maelfu ya dola hadi mwisho wa 2022. Tangu Januari 2023 huandikwa kwa dola kamili. Ukilinganisha fomu ya zamani na mpya bila kujua hilo, utaona mfuko umekua mara elfu moja.

Safu ile ndogo imewaponza wengi. Novemba 2025 zilienea habari kwamba mwekezaji Michael Burry ameweka dola milioni 912 kubashiri kuanguka kwa Palantir. Fomu ya kampuni yake ilionyesha kweli haki za kuuza hisa milioni 5 kwa bei iliyopangwa, lakini kanuni ya 13F inataka thamani ya hisa zinazoguswa na haki hizo, siyo fedha iliyotolewa kuzipata. Burry mwenyewe alieleza kuwa alilipa kama dola milioni 9.2. Karibu mara mia ya tofauti, na wote wawili, fomu na Burry, walisema kweli.

Vilevile, 13F haionyeshi hisa zilizokopwa na kuuzwa kwa kutarajia bei ishuke. Mfuko unaweza kuonekana mmiliki huku upande wa pili umejikinga kabisa. Ndiyo sababu pia baadhi ya kampuni huonyeshwa na umiliki wa taasisi wa zaidi ya asilimia 100: hisa moja ikiazimwa na kuuzwa, mnunuzi mpya anairipoti na aliyeiazimisha naye bado anairipoti.

Halafu tenganisha taasisi na taasisi. Vanguard, BlackRock na State Street wamo karibu kila mahali kwa sababu mifuko yao hufuata faharasa, yaani orodha maalumu ya kampuni, kama S&P 500. Hawakuichagua Oracle, faharasa iliichagua. Na hapa kuna jambo linalonifurahisha kila ninapolieleza. S&P 500 huipa kampuni uzito kwa hisa zinazoweza kuuzwa sokoni, na huondoa zile za viongozi. Hisa za Ellison haziingii kwenye uzito huo. Matokeo yake, Vanguard hushika sehemu ndogo zaidi ya Oracle kuliko ya Microsoft, ambako hakuna mtu mmoja mwenye fungu kubwa namna hiyo. Anayesema “taasisi haziiamini Oracle kama Microsoft” amesoma hesabu ya faharasa akadhani ni maoni. Maoni yatafute kwa mameneja wanaochagua hisa wenyewe, hasa waliokaa nazo robo nyingi mfululizo.

Hatua ya 7: Angalia 13D na 13G, lakini usizisubiri

Anayevuka asilimia 5 hujitangaza. Asiye na nia ya kuingilia uongozi hutoa 13G, na mwenye nia hutoa 13D, ambayo tangu Februari 2024 inatakiwa ndani ya siku 5 za kazi badala ya siku 10 za kalenda za zamani. Kwenye 13D soma kipengele cha 4, kinachoeleza kusudi lake. Taasisi ikihama kutoka 13G kwenda 13D, kuna jambo.

Hata hivyo, kwenye kampuni kubwa asilimia 5 ni fedha nyingi mno, na mageuzi huja bila 13D. Salesforce ilibanwa kati ya Oktoba 2022 na mwanzoni mwa 2023 na mifuko ya uwekezaji ya Starboard Value, Elliott, ValueAct na mingine, kila mmoja akiwa na fungu lililo chini ya kiwango hicho. Januari 2023 kampuni ilitangaza kupunguza takriban asilimia 10 ya wafanyakazi na ikamleta Mason Morfit wa ValueAct kwenye bodi. Nguvu yao ilikuwa hoja ambazo wanahisa wengine walikubaliana nazo.

Hatua ya 8: Tengeneza jedwali lako

Kwenye karatasi au kompyuta, weka: hisa zote na tarehe yake, hisa za watu wa ndani bila haki ambazo hazijatumika, zilizo rehani, kura za watu wa ndani, hisa za mifuko ya faharasa, na hisa za mameneja wanaochagua. Kisha piga hesabu moja ambayo programu za simu hazikupi. Tuseme watu wa ndani wana asilimia 40 na taasisi 45. Kilichobaki kuzunguka sokoni ni 60, na 45 kati ya 60 ni asilimia 75. Taasisi zina robo tatu ya hisa zinazoweza kuuzwa kesho, ingawa skrini inaonyesha chini ya nusu. Zikitaka kutoka kwa pamoja, mlango ni mwembamba.

Sasisha jedwali mara nne kwa mwaka, siku moja au mbili baada ya tarehe za mwisho za 13F: 14 Februari, 15 Mei, 14 Agosti na 14 Novemba. Tarehe hizo zikiangukia siku isiyo ya kazi, husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Fomu 4 zifuatilie zinapotoka, na DEF 14A ya mwaka isome tangu jedwali la wamiliki hadi tanbihi ya mwisho.